Kaburi la Askari wa Towton

Mwaka 1996 mafundi waliokuwa wakijenga karibu na jumba la Towton Hall, katika jimbo la Yorkshire kaskazini ya Uingereza, walichimba ardhi wakakuta mifupa ya watu. Wataalamu wa mambo ya kale walipoitwa, walifukua shimo lenye kina cha nusu mita hivi, na ndani yake mabaki ya wanaume wapatao 40, wamepangwa kwa kubanana kama magunia ghalani.

Hao walikuwa askari waliouawa tarehe 29 Machi, 1461. Siku hiyo, theluji ikianguka, jeshi la Mfalme Edward wa Nne, wa ukoo wa York, lilipambana na jeshi la Mfalme Henry wa Sita, wa ukoo wa Lancaster. Koo mbili zilikuwa zikigombea kiti kimoja cha enzi, na wakulima na mafundi ndio waliotolewa kafara. Upepo uliwapiga usoni watu wa Lancaster. Mishale yao ikaanguka njiani, hali ile ya adui ikiwafikia. Hatimaye safu zao zilivunjika, wakakimbilia kijito cha Cock huku wakifuatwa.

Barua zilizoandikwa baada ya vita zilitaja maiti 28,000. Wanahistoria wengi wa leo huiona hesabu hiyo kuwa imetiwa chumvi. Lakini washindi, waliojali sana idadi, hawakueleza namna watu hao walivyokufa. Hilo lilingoja miaka 535, hadi mifupa yenyewe ilipochunguzwa.

Kati ya mafuvu 28 yaliyochunguzwa, 27 yalikuwa na majeraha ya wakati wa kufa, na mengi yalipigwa zaidi ya mara moja. Viwiliwili, kinyume chake, vilikuwa na majeraha machache. Je, kofia zao za chuma zilikuwa wapi? Si rahisi kuamini kwamba askari wengi kiasi hicho waliingia vitani vichwa wazi. Ama walizitupa ili wapate kukimbia, ama walivuliwa baada ya kukamatwa. Vyovyote iwavyo, ni dhahiri kwamba wengi wao hawakufa wakiwa katika safu ya mapambano. Baadhi waliendelea kukatwa hata baada ya kupigwa pigo la kuua. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kumwua aliyeweka silaha chini. Mwaka 1461 inasimuliwa kuwa amri ilitolewa asisazwe mtu.

Umri wao ulikuwa tangu miaka 16 hivi hadi 50. Mmoja wa wazee wao alikuwa na kovu la zamani la upanga katika mfupa wa taya, lililotibiwa vizuri likapona. Alikwisha kuonja vita kabla ya Towton, na alipoitwa tena, alikwenda.