Kalenda Katika Kioo cha Kompyuta

Mtu ajazapo fomu katika kompyuta, mara nyingi hufunguka kalenda ndogo ili achague tarehe badala ya kuiandika. Kwa mtazamaji, kalenda hiyo ni picha tu. Kumbe ni programu inayokokotoa siku upya kila mwezi unapobadilishwa, na mtengenezaji aweza kuielekeza atakavyo. Mfano mmoja ni kalenda iliyomo katika Qt, zana ya kuundia programu iliyobuniwa Norway na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1995.

Jambo la kwanza la kuamua ni siku ya kuanzia juma. Kalenda nyingi za Ulaya huanzia Jumatatu, zile za Marekani huanzia Jumapili, na majina ya Kiswahili yenyewe huhesabu tangu Jumamosi, yaani siku ya mosi. (Kanuni ya kutafuta siku ya juma ya Mjerumani Christian Zeller, kama inavyoandikwa kwa kawaida, nayo huanzia Jumamosi, ila huipa sifuri.)

Uamuzi huo hubadili umbo la mwezi mzima. Na uchukuliwe Desemba 1961, mwezi wa uhuru wa Tanganyika. Tarehe 9 ilikuwa Jumamosi. Basi tarehe 1 ilikuwa Ijumaa. Juma likianzia Jumatatu, vyumba 4 hutangulia tarehe 1. Jumla ya 4 na 31 ni 35, hesabu inayoenea barabara katika mistari 5 ya vyumba saba saba. Likianzia Jumamosi, vyumba vinavyotangulia huwa 6 na jumla 37, hivyo mistari 5 haitoshi. Ndiyo sababu kalenda ya Qt hutenga vyumba 42 daima, na vile visivyo vya mwezi huo hujazwa tarehe za miezi jirani.

Jambo la pili ni mipaka, na hapa ndipo wanaoanza hukosea. Na idhaniwe kwamba zahanati haipokei wagonjwa wa miadi siku za Jumapili. Mwanafunzi wa kompyuta huzipaka Jumapili zote rangi ya kijivu, akaridhika. Lakini rangi hubadili sura tu. Mgonjwa akibofya chumba cha kijivu, tarehe hukubaliwa kama nyingine yoyote, naye huja kukuta mlango umefungwa. Qt humruhusu mtengenezaji kuweka tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na zilizo nje ya hapo hazichaguliki kabisa. Kwa siku zilizotawanyika katikati, hakuna mpangilio wa namna hiyo ulio tayari. Inampasa aandike amri za kuchunguza kila tarehe iliyochaguliwa kabla haijahifadhiwa: ikiwa ni Jumapili, programu iikatae, imweleze mtumiaji sababu, kisha imrudishe kwenye kalenda achague nyingine.