Matembezi ya Pwani (Sehemu ya Tatu): Mida, maji yanapowaleta ndege

Wiki mbili zilizopita tulizunguka magofu ya Gede, na wiki iliyopita tukafuata ufuo wa Watamu mpaka pale bahari inapoingia bara. Leo tuingie nayo.

Mara yangu ya kwanza kwenda Mida nilifika saa sita mchana, maji yamejaa. Niliona maji ya kijani yaliyotulia, vichwa vya mikoko vimechomoza juu yake, na yangeyange mmoja ametua kwenye tawi. Nilikaa nusu saa nikaondoka, moyoni nikisema sifa za pahali hapa zimetiwa chumvi. Niliporudi mwaka uliofuata nilimweleza habari hiyo kijana mmoja mwongozaji, mwenyeji wa hapo. Hakucheka. Aliniuliza, "Mzee, siku hiyo mwezi ulikuwa wa ngapi?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi ndiyo sababu. Hapa ndege hatuwafuati. Maji ndiyo yanayowaleta."

Ningependa makala haya yaieleze kauli hiyo moja, kwa kuwa wageni wengi hufika Mida kama nilivyofika mimi, wakaondoka kama nilivyoondoka.

Mida ni hori, yaani mkono wa bahari uliojipenyeza bara, kilomita zipatazo 100 kaskazini ya Mombasa. Mlango wake uko karibu na Watamu, nao ni mwembamba. Ukishaupita, maji yanatanuka katika eneo la kilomita za mraba 32 hivi, katikati ya vijiji kama Dabaso, Mida na Uyombo, na kisiwa cha Kirepwe chenye magofu yake. Hifadhi ya baharini ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, na hori hili ni sehemu yake. Mwaka 1979 UNESCO ikaingiza eneo la Malindi na Watamu katika orodha yake ya hifadhi za bayosfia. Wenye mamlaka ni Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya, lakini atakayekushika mkono na kukuonyesha njia ni mwanakijiji.

Hori hili halina mto. Mto Sabaki, wenye maji mekundu ya udongo wa bara, unaingia baharini kaskazini ya Malindi, mbali na hapa. Maji baridi ya Mida yanapita chini kwa chini: mvua inazama katika ardhi ya mchanga upande wa bara, inasafiri polepole, kisha inavuja ndani ya hori kama chemchemi zisizoonekana. Ndiyo maana maji ya hapa ni maangavu. Na kwa kuwa hakuna mto wa kuyasukuma, kazi yote ya kuleta na kuondoa inafanywa na bahari yenyewe, mara mbili kwa siku. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya hori hubaki matope na mchanga mtupu, uwanja mpana unaometameta. Yakijaa, uwanja wote unafunikwa.

Sasa tuje kwenye swali la yule kijana. Kila mtu wa pwani anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huingia katika bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa kwa nguvu. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa kumi na mbili na dakika kama 25, hivyo kila siku maji huchelewa kwa dakika zinazokaribia 50. Linalomfaa zaidi mtembezi ni kwamba katika pwani yetu saa za bamvua karibu hazibadiliki. Maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ndani ya hori mabadiliko hayo huchelewa kidogo, kwa sababu mlango ni mwembamba. Kwa hiyo mtu akienda siku ya kwanza au ya pili baada ya mwezi mpevu, asubuhi atauona uwanja wote ukiwa wazi, na mchana hadi jioni atayaona maji yakipanda na kuwasogeza ndege wote kuelekea ukingoni aliposimama. Siku niliyopoteza mimi huenda mwezi ulikuwa kama wa kumi. Maji yalijaa mchana, na ndege walikuwa wamekwenda kupumzika pahali nisipopaona.

Ukishapata saa yako, usikimbilie ndege. Anza na mikoko.

Sisi husema mikoko kwa jumla, lakini watu wa pwani wana jina la kila mti. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazamana na bahari. Mkoko wenyewe, ule wa magongo, unashuka kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Nyuma yake kuna muia na mkandaa, ambao gome lake lilitumika kusindika ngozi na kutia rangi nyekundu. Mchu unavumilia chumvi kupita wenzake na unaota hata nyuma kabisa, karibu na nchi kavu. Matope haya hayana hewa. Chimba kidogo kwa kidole utasikia harufu ya yai viza, ambayo ni gesi ya vijidudu wanaoishi bila hewa. Mizizi nayo inahitaji kupumua, basi mchu unatoa vijiti wima kutoka ardhini, mamia kwa mamia, kila kimoja kikiwa na matundu madogo ya kuvutia hewa maji yanapopwa. Mtembezi asiyejua huvikanyaga akidhani ni visiki.

Na tazama tunda la mkoko. Linaota likiwa bado juu ya mama yake. Linaning'inia kama fimbo ya kijani, ndefu karibu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, limechongoka chini. Likidondoka maji yamepwa, hujichoma matopeni papo hapo na kuanza maisha chini ya kivuli cha mzazi. Likidondoka maji yamejaa, huelea, likatoka hata nje ya mlango wa hori kutafuta pwani nyingine. Nimewahi kusimama chini ya mti mmoja nikasikia "chup!" nyuma yangu, na nilipogeuka fimbo ilikuwa imesimama wima kama iliyopandwa na mtu.

Miti hii ndiyo iliyojenga miji yetu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mombasa ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mwambao huu na kuzipeleka Ghuba ya Uajemi na Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Tushike habari hii, maana kuna msafiri mwingine wa njia hiyo hiyo tutakayemkuta hivi punde.

Katika ukingo wa Mida kuna daraja la mbao na kamba linalopita kati ya mikoko kwa zaidi ya mita 200 na kuishia kwenye kibanda cha kuchungulia ndege. Linayumba kidogo chini ya miguu, basi watu wasipite wengi kwa pamoja. Kiingilio chake kinasaidia karo za watoto wa shule za sekondari wanaotoka katika vijiji vilivyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa mpango wa shirika la A Rocha Kenya ulioanza mwaka 2001. Nautaja kwa sababu mzazi mwenye mtoto shuleni kwa ajili ya mikoko hahitaji semina ya kumfundisha thamani ya mkoko.

Ukiwa darajani, chutama utazame chini. Kuna kaa wadogo ambao dume ana koleo moja kubwa, karibu sawa na mwili wake, na jingine dogo. Kwa lile dogo anachota matope na kuyatia kinywani, anachuja chakula, kisha anatema kidonge cha udongo. Baada ya muda vidonge vimezunguka tundu lake kama shanga zilizomwagika. Kwa lile kubwa anapunga: juu, chini, juu, chini, akimwita jike na kumwonya jirani. Nilitulia dakika tano bila kusogea, na kaa waliokuwa wamejificha walitoka mmoja mmoja hadi matope yote chini yangu yakawa yanapunga. Kivuli cha ndege kikapita. Wote wakazama mara moja.

Aliyepita alikuwa ndege niliyemfuata. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama koleo la fundi. Nitamwita mlakaa, kwa kuwa hicho ndicho chakula chake. Wanasayansi wamemwekea familia yake peke yake, hana ndugu wa karibu. Hazaliani kwetu. Huzaa katika visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani jirani za Bahari ya Uarabuni, kuanzia mwezi Aprili. Huchimba shimo mchangani, jike akataga yai moja jeupe ndani yake, na joto la ule mchanga likasaidia kuliatamia. Hakuna ndege mwingine wa jamii hii ya wapita matopeni anayefanya hivyo. Kuanzia Agosti hurudi Mida na sehemu nyingine za pwani yetu, na Aprili huondoka kuelekea kaskazini, majira yale yale ambayo majahazi ya boriti yalikuwa yakitweka matanga kwa upepo wa kusi.

Siku hiyo mlakaa mmoja alitua hatua kama 30 kutoka kibandani. Alisimama kimya, akakimbia ghafla, akamnasa kaa na kumtikisa mpaka koleo likang'oka. Nyuma yake alikuja mwingine, mgongo wake wa kijivu badala ya mweusi, akilia mfululizo huku ameinamisha kichwa. Yule wa kwanza akampa kaa. Alikuwa mtoto wake. Ndege wengi wa matopeni hujitafutia chakula tangu siku ya kutotolewa, lakini huyu huendelea kulishwa kwa miezi, hata baada ya kuruka pamoja na mzazi wake kutoka Uarabuni hadi kwetu. Sijui wengine, lakini mimi niliishusha darubini nikanyamaza.

Maji yalianza kupanda mnamo saa nane. Hapo ndipo maneno ya kijana yalipotimia. Makundi yaliyokuwa madoa kwa mbali yalisogea, safu baada ya safu. Walikuwapo wenye midomo iliyopinda chini kama sululu, na wengine wenye mdomo uliopinda juu, wakikimbia huku na huku kama waliopoteza kitu. Wadogo zaidi walikwenda kwa pamoja kama mchanga unaopeperushwa. Kati ya hao wadogo wapo wanaozaliwa Siberia, katika rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Huko kuna panya wa nyanda za barafu waitwao lemingi, ambao mwaka mmoja hufurika na mwingine hupungua. Wakipungua, mbweha hugeukia vifaranga vya ndege. Hivyo mtu aliyekaa Mida mwezi wa Novemba, akahesabu ndege wachanga walio katika kundi, anaweza kukisia panya walikuwaje Siberia Julai iliyopita. Watafiti huweka nyavu hapa usiku na kuwavisha ndege pete ndogo za chuma miguuni kabla ya kuwaachia, ili safari zao zifuatiliwe.

Kwa msomaji anayepanga safari: msimu ni kati ya Septemba na Aprili. Machi na Aprili ni bora kwangu, kwa sababu wengi wameanza kuvaa rangi za kuzaliana, na wale wa Taimyr vifua vinageuka wekundu wa matofali. Lakini ndiyo miezi ya kuwa mwangalifu zaidi. Ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita anakula ili anenepe, na muda wake wa kula ni zile saa chache ambazo matope yako wazi. Nimeona watu wakitembea moja kwa moja kuelekea kwenye kundi ili wapate picha ya ndege wakiruka. Picha ni nzuri, nakubali. Lakini kila kurushwa huchoma mafuta aliyoyatafuta asubuhi nzima, na wageni watano wakifanya hivyo kwa zamu, kundi halitakula. Kaa kibandani, au simama pembeni jua likiwa nyuma yako. Usije na mbwa. Chukua kofia, maji ya kunywa, na viatu visivyovuka matopeni. Uwanjani usishuke bila mwenyeji, kwa sababu yapo matope yanayomeza mguu hadi gotini, na maji ya bamvua hurudi kwa kasi kupitia mikondo iliyo nyuma yako.

Mnamo saa kumi na moja uwanja wote ulikuwa umefunikwa. Walakaa walibaki kwenye ulimi mmoja wa mchanga, wamesongamana, weupe juu ya maji yaliyoanza kuwa ya dhahabu. Maji yaliufikia ulimi ule. Waliinuka wote kwa pamoja, wakapita juu ya kibanda bila haraka, na yule mtoto alikuwa bado analia nyuma ya mzazi wake.

Wiki ijayo tutavuka barabara ya Malindi kabla ya alfajiri na kuingia Arabuko-Sokoke, kumsikiliza bundi mdogo ambaye sayansi ilikuwa haijamjua mpaka miaka ya 1960.