Konokono Aliyefanywa Maksai

Msomaji ameuliza swali ambalo vitabu vya afya hulipita mbio: konokono anayebeba kichocho, je, naye huumwa? Mzunguko wa ugonjwa huu karibu kila aliyesoma shule ya msingi ameuchora daftarini, kwa hiyo siurudii. Jibu ni kwamba huumwa, ila si kwa namna tuliyoizoea. Hadhoofu upesi wala hajitengi. Anakula na kutambaa kama wenzake. Kinachokatika ni uzazi, na hoja yangu ni kwamba hilo si ajali ya ugonjwa. Ndiyo biashara yenyewe ya mnyoo anayeleta kichocho.

Chukua Biomphalaria, konokono mdogo wa gamba bapa anayeishi kando ya Ziwa Victoria na kubeba kichocho cha tumbo. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na mayai yake huyabandika kwenye majani ya majini yakiwa ndani ya ute angavu. Mirasidia, yaani lava wa mnyoo aliyetoka kwenye yai, akishatoboa ngozi laini ya konokono huvua vinyweleo alivyoogelea navyo, akawa kifuko kisicho na mdomo wala utumbo. Chakula hukifyonza kupitia ngozi, kutoka kwenye damu ya konokono ambayo, kwa jamii hii, ni nyekundu kama yetu. Kifuko hicho huzaa vifuko vingine vinavyohamia kwenye tezi ya kumeng'enya chakula na jirani yake, tezi ya uzazi. Humo ndimo hutengenezwa serikaria, wale wenye mkia uliogawanyika ncha mbili wanaotoboa ngozi zetu. Mirasidia mmoja huzalisha maelfu yao, wote wa jinsia moja kwa kuwa wote ni nakala zake. Baada ya wiki 4 au 5 hivi konokono huanza kuwamwaga majini mchana wa jua, na kufikia hapo utagaji wake umefifia au umekoma kabisa.

Hesabu ya kukata uzazi ili mwili ufanye kazi nyingine, mfugaji wa Kisukuma anaijua vizuri kuliko wengi wetu. Dume akihasiwa, nguvu alizokuwa akizimaliza kwa kupigana na kufukuzia majike huingia mwilini, na shingo yake ikavuta plau msimu baada ya msimu. Maksai hachinjwi wakati wa kulima, kwani mfu halimi. Wala hanyimwi malisho, kwani mwenye njaa hulima vibaya. Mnyoo naye anahitaji konokono aliye hai, anayekula vizuri, kwa miezi kadhaa. Akimnyang'anya moyo au figo, amejiua mwenyewe. Uzazi ndio matumizi makubwa yanayoweza kukatwa bila kumuua mwenye mwili, na kwa mnyoo kila yai la konokono ni hasara tupu, kwa sababu maambukizi hayarithiwi kupitia mayai. Hata kunenepa kwa maksai kuna mfano wake: Lymnaea stagnalis, konokono wa madimbwi ya Ulaya, akiingiwa na Trichobilharzia, mnyoo wa bata, huweza kukua kuliko wenzake wazima. Tofauti ni kwamba burdizo, koleo la kuhasia, hubana mara moja tu, lakini mnyoo hana budi kuishikilia kazi yake siku zote kwa kemikali.

Kuna atakayesema kwamba hapa hakuna mbinu yoyote, ni njaa tu. Kiumbe anayenyonywa huacha kuzaa kwanza. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, ila halitoshi. Mwaka 1981 Minchella na LoVerde walionyesha kwamba konokono waliokutanishwa na mirasidia huongeza utagaji mwanzoni, hata wale ambao maambukizi hayakushika. Mwenye njaa haongezi matumizi. Huyu amepata dalili kwamba muda wake wa kuzaa unakwisha, akaharakisha. Tena, konokono walioambukizwa hupungukiwa serotonini, kemikali ya neva inayochochea utagaji, na walioacha kutaga wakipewa kemikali hiyo wameweza kutaga tena. Tezi iliyokufa kwa njaa isingeitika.

Wengine watauliza: kama konokono wanahasiwa, mbona hawatoweki, na kichocho nacho kikaisha? Kwa sababu katika maji mengi walioambukizwa ni wachache mno, na wazima huziba pengo. Hapa ndipo hoja inapomgusa mvuvi na mama anayefua. Kwa kuwa serikaria hulipiwa kwa chakula cha konokono, aliyeshiba humwaga wengi kuliko aliyebanwa na msongamano. Majaribio ya maabara yamelionyesha hilo waziwazi. Ukingo wenye konokono wachache walionona waweza kuwa hatari kuliko ule uliojaa wenye njaa. Niklosamidi, dawa ya kuua konokono, ikimwagwa, wanaosalia hubaki na malisho tele. Sisemi dawa hiyo iachwe, bali kuhesabu magamba pekee hakuonyeshi hatari iliyopo. Konokono na awekwe peke yake kwenye kikombe cha maji safi chini ya mwanga, na baada ya saa moja au mbili wahesabiwe serikaria aliowatoa.