Kutoka Ukurasa wa Gazeti Hadi Sinema: Rekodi za Katuni za Mwanzo

Mtoto wa Butembo anayemjua Popeye amemjulia kwenye televisheni au kwenye simu ya mjomba wake. Wachache wanajua kwamba baharia huyo alizaliwa kwa wino, katika gazeti la New York, tarehe 17 Januari 1929, na kwamba ilimchukua miaka minne na nusu kabla hajatikisa mkono kwenye sinema. Hakuwa peke yake. Katuni nyingi za mwanzo zilitoka magazetini, kwa sababu ya biashara tu: msomaji aliyecheka asubuhi angelipa tena jioni ili acheke mbele ya shuka jeupe, na kesho yake angenunua gazeti. Wenye magazeti wa New York walinyang'anyana wachoraji kama timu zinavyonyang'anyana washambuliaji.

Rekodi zifuatazo nimezichagua kwa upendeleo wangu. Nyingine ni za fahari, nyingine ni za aibu.

Ya kwanza

Winsor McCay alianza kuchora Little Nemo katika New York Herald tarehe 15 Oktoba 1905. Ni hadithi ya mtoto anayeota ndoto za ajabu kila wiki, na katika kisanduku cha mwisho anajikuta ameamka, mara nyingi ameanguka kutoka kitandani. Tarehe 8 Aprili 1911 kampuni ya Vitagraph ilitoa filamu yake, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa katuni ya kwanza mashuhuri iliyozaliwa na michoro ya gazetini.

Sehemu kubwa ya filamu hiyo inawaonyesha watu halisi. McCay yuko na marafiki zake, anawaahidi kuchora picha 4,000 kwa mwezi mmoja, nao wanamcheka. Kisha tunaona mapipa ya wino na marobota ya karatasi yakishushwa. Huo ni mchezo, lakini hesabu yake si ya mchezo: picha 4,000 ni rimu nane za karatasi, zote zikachorwa na mkono mmoja, na kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde zinakwisha kwa dakika nne na ushee. McCay alitumia karatasi nyembamba ya mchele inayopitisha mwanga. Kwenye pembe alitia alama za msalaba ili kila karatasi ikae sawasawa juu ya iliyotangulia. Bila alama hizo mtu angeruka-ruka ovyo kwenye picha. Kisha alizigundisha kwenye kadi ngumu na kuzipitisha haraka mbele ya macho yake, akitafuta mahali mwendo unapokwama. Na nakala nyingine ya filamu yenyewe ilipakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine.

Hata hivyo mtazamaji wa Kongo hawezi kuimaliza bila kukunja uso. Mmoja wa wahusika, Impie, ni Mwafrika wa kubuniwa na mtu ambaye hakuwahi kutuona: midomo mikubwa, sketi ya majani, na maneno yasiyo na maana. Kwa hiyo filamu ya kwanza ya aina hii ndiyo pia ya kwanza kututukana. Ufundi wake nausifu, na hilo silisahau.

Mfululizo wa kwanza, na uliopotea zaidi

Mshindi hapa ni The Newlyweds. George McManus aliwachora katika New York World kuanzia 1904: mume, mke, na mtoto wao Snookums, mbaya wa sura na mbaya zaidi wa tabia, ambaye wazazi wanamwona malaika. McManus huyo huyo ndiye mmoja wa marafiki wanaomcheka McCay katika filamu ya 1911. Miaka miwili baadaye naye alitiwa kwenye sinema, ila si kwa mkono wake. Kazi ilifanywa na Mfaransa, Émile Cohl, aliyekuwa ametoa Fantasmagorie mjini Paris mwaka 1908 na sasa alikuwa kwenye studio ya kampuni ya Éclair huko Fort Lee, New Jersey.

Cohl alitoa sehemu baada ya sehemu katika 1913 na 1914. Aliyaacha maputo ya maneno kama yalivyokuwa gazetini, kwa hiyo watu wa picha hiyo wanasimama kimya tuwasome. Lakini baina ya tukio na tukio mistari yao inayeyuka, inajikunja, inageuka kitu kingine kabisa. Hapo ndipo Cohl alipokuwa anacheza, na hapo ndipo ninapomwona bora kuliko hadithi aliyopewa.

Katika mfululizo wote huo, filamu inayojulikana kubaki ni moja tu, ile ambayo mtoto anachorwa picha. Machi 1914 moto uliunguza ghala la Éclair. Filamu za enzi hiyo zilikuwa za nitrati, kitu ambacho kikishika moto kinaendelea kuwaka hata ukikizamisha majini. Magazeti yale, yaliyochapwa kwenye karatasi duni kuliko zote, bado yapo maktabani.

Nyingi zaidi

Hapa lazima wagombee wawili. Enzi ya sinema bila sauti, hakuna aliyewafikia Mutt na Jeff: kuanzia 1916 hadi 1926 zilitolewa katuni zao karibu 300. Enzi ya sauti ni ya Popeye, katuni 231 za sinema kati ya 1933 na 1957. Hata kama kila moja ingekuwa ya dakika sita tu, ukianza kuzitazama saa moja asubuhi utamaliza saa kumi na mbili alfajiri ya siku ya pili, ukikubali kutolala.

Kuhusu Mutt na Jeff napenda zaidi habari za mchoraji. Bud Fisher aliwaanzisha tarehe 15 Novemba 1907 kwenye ukurasa wa michezo wa San Francisco Chronicle. Mutt, yule mrefu, alikuwa mraibu wa kubeti mbio za farasi. Jeff mfupi alikuja mwaka uliofuata. Fisher alikuwa mjanja. Alipotaka kuhamia gazeti la mshindani, kwanza aliandika jina lake pembeni mwa michoro kama mwenye hakimiliki, na hilo likamfanya tajiri kuliko waajiri walivyotaka. Katuni zenyewe zilitengenezwa na Charles Bowers, Raoul Barré na vijana wao, lakini jina lililoandikwa kubwa lilikuwa la Fisher. Fedha zake alizitia kwenye farasi. Mwaka 1924 farasi wake jike, Nellie Morse, alishinda mbio za Preakness, na hakuna jike mwingine aliyerudia jambo hilo mpaka 2009. Ni mchoraji mmoja tu duniani anayeweza kujivunia rekodi ya katuni na ya farasi kwa pamoja, na vyote viwili vilianzia kwa mcheza kamari wa kuchora.

Aliyehamahama zaidi

Krazy Kat, paka wa George Herriman. Gazetini mambo yake ni machache: paka anampenda panya Ignatz, panya anamrushia tofali kichwani, paka analiona tofali kuwa salamu ya mapenzi, na mbwa polisi anamfunga panya jela. Kwa haya tu Herriman aliishi miaka zaidi ya thelathini, mpaka alipofariki Aprili 1944.

Kufikia 1916 William Randolph Hearst, mwenye magazeti, alikuwa ameunda studio yake ili wahusika wake wote watembee: Krazy, Happy Hooligan, watoto wa Katzenjammer na wengine. Julai 1918 aliifunga. Baada ya hapo paka alipita studio ya Bray, kisha ya Winkler, kisha Columbia hadi 1940. Mabwana wanne, na kila mmoja alimnyoa alivyotaka. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa amefanana na Mickey Mouse, na panya wa tofali alikuwa amesahaulika katika nyingi ya filamu hizo. Kwa rekodi ya kutoheshimu gazeti, nampa Columbia bila kusita.

Mkongwe kuliko wote

Watoto wa Katzenjammer, Hans na Fritz, walianza katika New York Journal tarehe 12 Desemba 1897, mkono wa Rudolph Dirks. Michoro mipya iliendelea hadi 2006, yaani zaidi ya miaka 108. Katikati Dirks aligombana na Hearst, kesi ikaenda mahakamani, na hukumu ikawa ya ajabu: gazeti libaki na jina, mchoraji abaki na wahusika. Basi watoto wale wale wakawa magazetini mara mbili, kwa majina mawili, na kwenye sinema vilevile: studio ya Hearst iliwatoa kama Katzenjammer kuanzia 1916, na MGM ikawatoa tena mwaka 1938 kama The Captain and the Kids.

Iliyoenda mbali zaidi na gazeti lake

Novemba 1936 ndugu Fleischer, waliotengeneza katuni zake, walimtoa Popeye kwenye bandari ya kwao wakampeleka kisiwa cha Sindbad, yule baharia wa Alfu Lela U Lela anayejulikana Zanzibar na Mombasa kabla hata ya Popeye kuzaliwa. Filamu ina rangi kamili, inapita dakika 16, na nyuma ya wahusika kuna mandhari za kweli: mapango na miamba midogo iliyojengwa juu ya meza inayozunguka, kisha michoro ikapigwa picha mbele yake. Popeye anapotembea pangoni, mawe yaliyo karibu yanapita upesi na ya mbali yanapita polepole. Iligombea Oscar ikashindwa na kazi ya Disney. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa.

Inasikitisha tu kwamba Sindbad amefanywa jitu katili la kupigwa ngumi. Nguvu za Popeye zinatoka kwenye kopo la spinachi; mtu wa Beni aliyekula lengalenga tangu utotoni ana haki ya kuuliza kwa nini kwake hazitoki.

Maisha mafupi kuliko yote

Hii si katuni fupi, ni filamu nzima ya wanasesere, lakini inatuhusu kwa sababu ya Tintin, mhusika wa michoro ya gazetini. Hadithi ya kaa mwenye koleo za dhahabu ilitoka katika gazeti la Le Soir la Brussels mwaka 1940 na 1941. Claude Misonne aliitengenezea filamu, ikaonyeshwa kwenye sinema ya ABC mjini Brussels Januari 1947 kwa walioalikwa, na Desemba mwaka huo kwa watu wote. Ikaishia hapo. Mtayarishaji alifilisika akakimbilia Argentina. Maonyesho mawili!

Safari ya Tintin nchini Kongo, iliyotoka gazetini kati ya Juni 1930 na Juni 1931, haikupata hata hayo mawili. Studio ya Belvision haikuigusa ilipomtia Tintin kwenye katuni kuanzia 1957, wala mfululizo wa televisheni wa 1991. Sioni hasara.

Kinyumenyume

Paka Felix alianza kwenye filamu mwaka 1919 na kuingia magazetini 1923. Mickey naye alifuata njia hiyo, mwaka 1930.

Na huku kwetu?

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Michoro ya magazetini ilikuwepo: Mbumbulu, kazi iliyotiwa sahihi ya Masta katika jarida la Nos Images, ilimfundisha Mkongomani kuishi kama Mbelgiji alivyotaka. Baada ya uhuru vijana wa Kinshasa walipata jarida la Jeunes pour Jeunes mwaka 1968, na mhusika wake Apolosa akasemwa mitaani kama jirani. Lakini katuni hazikuchota huko. Padri Alexandre Van den Heuvel, aliyefanya kazi Leopoldville, alimchukua swala mdogo wa hadithi za jioni, Mboloko, akamfanyia filamu katika miaka ya 1950. Mapadri Weupe wa Bukavu nao walitengeneza filamu, ila za watu halisi. Jean-Michel Kibushi alipotoa filamu yake ya chura aliyekwenda kwa wakwe, mwaka 1991, naye alitoa hadithi kwa wazee, kwa Watetela, si kwa mhariri. Kibushi ni miongoni mwa Wakongomani wa kwanza kabisa kutengeneza katuni, na ukitazama wanasesere na karatasi zake zilizokatwa kwa mkasi utaona kwamba mikono miwili bado inatosha, kama ilivyomtosha McCay.

Mchoraji wa Butembo au Beni anayetaka kujaribu njia ya gazeti ana akiba ya kuchimba, mradi iwe bado ipo. Nyumba nyingi upande wa Beni zimeungua au zimekimbiwa na wenyewe, pamoja na makabati yao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama sanduku la babu yako lina Nos Images ya Kiswahili, Jeunes pour Jeunes, au gazeti lolote la zamani lenye michoro, usiliuze kwa wafunga karanga. Lipeleke maktaba ya Chuo Kikuu cha Graben, au kwa paroko wako, walipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha udai urudishiwe.