Je, Wajua? Ziwa Linalotia Watu Kiwi

Je, wajua kwamba ziwa lililotulia ni kioo kibovu saa sita mchana? Jua likiwa utosini, maji hurudisha asilimia 2 hivi tu ya mwanga wake. Lakini likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, dakika 40 hivi baada ya kuchomoza, maji yaleyale hurudisha kama theluthi. Shasha, kijiji cha Masisi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, kimepakana na Ziwa Kivu upande wa mashariki. Asubuhi, anayekaa dirishani kuelekea ziwa hupigwa na majua mawili, la juu na la majini.

Vitabu vya ujenzi vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini kama kinga ya kiwi. Vikisomwa Shasha, nyuzi 1.6 hivi kusini mwa ikweta, vinahitaji kusahihishwa kidogo. Huko jua la mchana hupita kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na kila mara liko juu, zaidi ya nyuzi 60. Upenu mfupi wa manjanja (ndivyo wengi wa Kivu wanavyoyaita mabati) hulikinga pande zote mbili. Kazi iko mashariki na magharibi, ambako jua huingia chini ya upenu huo.

Tena, kiwi hakiletwi na wingi wa mwanga peke yake. Dirisha lililotobolewa kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano huumiza macho kuliko dirisha hilohilo kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kwa sababu jicho hulazimika kustahimili giza na mng'ao kwa pamoja. Debe la chokaa, basi, laweza kusaidia kuliko pazia, na chumba kisiingie giza.

Kiwi hupimwa pia. Mwaka 2006 Jan Wienold na Jens Christoffersen walitoa kanuni ya kukadiria uwezekano wa mtu kusumbuliwa na mwanga wa dirisha. Kamera yenye lenzi pana mno huwekwa pale macho ya mkaaji yanapokuwa, kisha picha hukokotolewa. Matokeo yakiwa chini ya 0.35, kiwi hakihisiwi. Juu ya 0.45, hakivumiliki.

Ila kanuni hiyo haijui mandhari. Tuaycharoen na Tregenza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliona kwamba kwa mng'ao uleule, malalamiko ya watu hupungua dirisha likiwaonyesha kitu cha kupendeza. Ziwa lenye mitumbwi, kwa mfano, hata kama ndilo linalowachoma macho.