Falstaff akija Mombasa, tumcheke nani?

Kijana mmoja wa kikundi cha maigizo mtaani kwetu aliniuliza kama mchezo wa Shakespeare wa miaka mia nne iliyopita waweza kuwachekesha watu wa Mombasa leo. Nikamwambia waweza, bora ujue cha kubadilisha na cha kuacha.

Tuchukue The Merry Wives of Windsor, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1602. Falstaff, mzee mnene aliyefilisika, anawaandikia wake wawili wa watu barua za mapenzi ili afikie pesa za waume zao. Barua ni moja. Jina tu ndilo tofauti. Kumbe wanawake hao ni mashoga. Wanaonyeshana barua, na hapo Falstaff anakiona cha mtema kuni. Mwaka 2012 kikundi cha Bitter Pill cha Kenya kiliuigiza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London.

Kanuni ya kwanza ni kushika hila na kubadilisha chombo. Barua mbili leo ni ujumbe mmoja wa WhatsApp uliotumwa kwa wawili. Kapu la nguo chafu anamofichwa Falstaff, kisha akamwagwa topeni kando ya mto Thames, laweza kuwa pipa la plastiki, na tope likawa la mikoko ya Tudor maji yakiwa yamekupwa. Mzaha ukishahitaji maelezo, umekufa.

Ya pili ni lugha. Shakespeare anachekesha kwa Kiingereza kibovu cha daktari Mfaransa. Sisi tunacho Kiswahili cha mgeni, lakini naye apewe zamu ya kuwacheka wenyeji, isije ikawa dharau tupu.

Ya tatu ndiyo nzito. Falstaff anavishwa nguo za ajuza ili atoroke. Ford, mume mwenye wivu, anamdhania kuwa bibi fulani anayemwita mchawi, anamtwanga kwa fimbo, na ukumbi unacheka. Msomaji, hapa Pwani, Kilifi na Kwale, wazee wetu wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Aliyemzika babu yake kwa sababu ya mvi atacheka vipi?

Kijana akasema kuondoa fimbo ni kumharibu Shakespeare. Sikubaliani naye. Kiini cha onyesho hilo ni upumbavu wa Ford: anapekua kapu zima la nguo akimtafuta mwanamume, naye huyo mwanamume anampita mbele ya macho yake. Basi neno mchawi liondoke. Ford amdhanie kuwa kuwadi, amkimbize, ajikwae kwenye pipa lake mwenyewe na aanguke kifudifudi.

Hapo kicheko kitamwangukia anayestahili, na bibi aliyeketi mkekani mstari wa mbele atacheka pamoja nasi bila ya kugeuka kutazama nani yuko nyuma yake.