Japani: Katika muji wa Tokyo, chumba kimoja kinageuka kuwa nyumba nzima

Mutu anayetafuta chumba cha kulipia katika muji wa Tokyo anakuta ukubwa wake ukihesabiwa kwa mikeka. Mukeka huo mnene unaitwa tatami, na mukeka mumoja unachukua karibu meta za mraba 1,6. Chumba cha mikeka sita, ambacho wengi wanaoishi peke yao wanakijua, hakipiti sana meta za mraba 10. Hata pale ambako sakafu ni ya mbao, hesabu inabaki ileile.

Namna gani mutu anaweza kuishi humo? Jibu la kwanza ni kwamba chumba hakipewi kazi moja tu. Asubuhi, godoro jepesi linaloitwa futon linakunjwa na kutiwa katika kabati la ukutani. Kiisha meza fupi inawekwa katikati: watu wanakula hapo, watoto wanaandika masomo hapo. Usiku meza inaondolewa, godoro linarudi. Viatu vinabaki mulangoni. Wajapani wana mezali juu ya jambo hilo: mutu akisimama, nusu ya mukeka inamutosha, akilala, mukeka mumoja.

Desturi hiyo si ya leo. Mbele ya mwaka 1868, wakati Tokyo ilikuwa ingali ikiitwa Edo, mafundi na wachuuzi walikaa katika nyumba za mustari, zenye kupakana ukuta kwa ukuta. Makao madogo ya kawaida yalikuwa na meta 2,7 kwa 3,6, jiko likiwa ndani. Kisima na choo vilikuwa vya wakaaji wote.

Jibu la pili ni kutoa sehemu ya maisha inje ya nyumba. Kwa miaka mingi, wasiokuwa na bafu walienda kuoga katika nyumba za watu wote. Nguo zinafuliwa kwa mashine za kulipia za mutaa, na duka linalofunguliwa usiku na mchana linakuwa kama ghala ya chakula. Gari nalo halilali barabarani: tangu sheria ya mwaka 1962, mwenye gari anapaswa kuonyesha kwamba ana mahali pa kuliweka.

Kwa mugeni, lililo gumu zaidi mara nyingi si ukubwa wa chumba. Pamoja na garanti, wenye nyumba wengi wanaomba pia feza ya shukrani, ambayo hairudishwi. Kuta nyingi ni nyembamba; muziki au simu ya usiku inaweza kuleta malalamiko ya jirani. Na mikataba mingi inaandika ni watu wangapi wanaruhusiwa kukaa. Mutu aliyezoea kumupokea ndugu kwa miezi bila kuuliza mutu yeyote, analazimika kumuomba ruhusa mwenye nyumba, ao kukataa. Hilo linauma kuliko kugonga kichwa kwenye kabati.

Wajapani wenyewe hawasifu kila kitu. Mwaka 1979, ripoti ya Jumuiya ya Ulaya iliita nyumba zao vibanda vya sungura; neno hilo liliwachoma, lakini wengi walilirudilia wao wenyewe kwa kulalamika. Leo serikali inahesabu kwamba mutu mumoja anahitaji angalau meta za mraba 25 ili aishi vizuri. Vyumba vingi vya Tokyo havifiki hapo.

Je, ni udongo uliokosekana? Ni kweli, Japani ni ndogo mara sita kuliko Kongo, na sehemu yake kubwa ni milima. Lakini hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba karibu milioni 9 zisizokaliwa na mutu katika inchi nzima. Katika majimbo kama Wakayama na Tokushima, zaidi ya nyumba moja kati ya tano haina mukaaji.

Nafasi ipo, basi, lakini mbali na kazi na masomo makubwa. Kijana anaacha nyumba ya wazazi yenye vyumba vitano, anaenda kukunja godoro lake kila asubuhi katika mikeka sita ya Tokyo. Na kule nyuma, wazazi wakifariki, mulango unafungwa na hakuna wa kuufungua.